Siti Imegoma Kushuka? Soma Hapa Kabla Hujaposti Hiyo Baiskeli

Leo naongea na wale mnaouza baiskeli za mtumba mtandaoni, zile zinazoshuka kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya. Unachagua moja moja, unasafisha, unapiga picha, unaposti. Kuna swali linanifikia sana: "Boss, nimepata baiskeli kali lakini siti haishuki wala haipandi, nimelegeza nati zote na bado." Wengi wakifika hapo wanaposti hivyo hivyo na kunyamaza. Mimi nasema usiposti kwanza. Mara nyingi hilo jambo linarekebishika, ila linataka subira na mpangilio kuliko nguvu.

Tuelewane maneno kwanza. Ninaposema bomba la siti nina maana ile nguzo inayoshika siti kwa juu na kuingia ndani ya fremu kwa chini. Pale inapoingilia kuna kibano, kingine cha nati, kingine cha kufungua kwa mkono. Bomba likiwa zima, ukilegeza kibano siti inapanda na kushuka unavyotaka. Likigoma, unafungua kibano mpaka nati inadondoka chini, siti iko pale pale kama imechomelewa.

Sasa kwa nini hili ni somo la biashara na siyo la mafundi tu? Mteja wa kijiweni anaipanda baiskeli mbele yako, ikimkataa anaiacha. Mteja wako wewe hajaigusa. Yuko Dodoma au Mwanza, ameona picha, ametuma hela, baiskeli imepanda basi. Ikifika, kumbe aliyenunuliwa ni mama mwenye kimo kifupi na siti iko juu, miguu haifiki chini. Kwake hiyo ni baiskeli mbovu, hata kama gia ni safi, breki ni safi na rangi inang'aa. Anataka hela yake. Nauli ya kurudisha mzigo nani analipa? Au anaipeleka kwa fundi wa mtaani, fundi anapiga nyundo kwa hasira, fremu inapata ufa, halafu jina linalotajwa ni lako uliyemuuzia. Baiskeli ambayo siti haisogei ni baiskeli ya kimo kimoja tu. Umenunua kitu ambacho kingeweza kuuzwa kwa watu mia, sasa kinamfaa mmoja ambaye hujui yuko wapi.

Kwa hiyo kazi inaanzia godauni, kabla hujatoa hela. Mimi siendi kuchagua mzigo bila spana namba 13 na 14, na zile spana za L za milimita 5 na 6. Hizo zinafungua vibano vingi nilivyokutana navyo. Naomba ruhusa ya muuzaji, nalegeza kibano, nashika siti kwa mikono miwili na kuizungusha kushoto na kulia. Siivuti juu, naizungusha. Ikizunguka hata kidogo, hiyo ni ya kwangu. Ikikataa kabisa, haimaanishi niiache, ila bei lazima iongeleke. Mwambie muuzaji waziwazi: hii siti imegoma, ina kazi ya siku kadhaa na huenda isitoke. Wauzaji wengi wa jumla wanalijua hilo, wanasubiri tu mtu asiyegusa siti.

Ukishaifikisha nyumbani usikimbilie nyundo. Jambo la kwanza ni kujua umeshikwa na nini, maana dawa zinatofautiana. Tafuta sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Iguse kwenye bomba la siti, kisha iguse kwenye fremu. Ikishika kote, una chuma ndani ya chuma. Ikishika fremu na kuliacha bomba, una bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, na hiyo ndiyo inayosumbua watu zaidi. Isiposhika popote, mara nyingi ni aluminiamu ndani ya aluminiamu. Halafu angalia pale kwenye mdomo wa fremu, bomba linapoingilia. Unga wa kahawia ni kutu ya chuma. Unga mweupe kama chokaa ni aluminiamu iliyolika.

Kutu ya kawaida wote tunaijua: chuma, maji na hewa. Ila chuma na aluminiamu vikigusana halafu yakaingia maji yenye chumvi, vinafanya kazi kama betri ndogo na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaotokea unachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilicholika, kwa hiyo unajaza kila mwanya na kukaza bomba kwa ndani. Chumvi inaweza kutoka kwenye jasho la mpandaji, kwenye hewa ya bahari kama hapa kwetu Dar na Tanga, au kwenye barabara za Ulaya zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Ndiyo maana baiskeli ya nje inaweza kuonekana mpya kabisa huku shingo yake imeganda.

Na kama fremu ni ya kaboni, zile nyepesi za mashindano ambazo sumaku haishiki na ukigonga kwa kucha inalia kama plastiki ngumu, usiguse. Moto hapana, nyundo hapana, kupinda hapana. Hiyo mpelekee fundi anayezijua au iuze kama ilivyo.

Haya, tuje kwenye mafuta. Ondoa kibano kabisa kama kinatoka, safisha mdomo wa fremu kwa brashi ya waya au mswaki wa zamani, toa mchanga na unga wote. Kwa nyuma au mbele ya fremu utaona mkato mwembamba, ule unaoruhusu fremu kubana. Huo ndio mlango wako. Weka mafuta ya kupenya kutu, WD-40 au aina nyingine yoyote inayouzwa kwenye duka la spea, kwenye ule mkato na kuzunguka bomba zima. Mafundi wengi wanatumia mafuta ya taa au dizeli, na vinasaidia pia kwenye kutu ya chuma, ila kumbuka vinashika moto, kwa hiyo kama unafikiria kutumia joto baadaye, chagua moja.

Hapo sasa ndipo watu wanapokosea haraka. Wanapuliza mafuta, wanasubiri dakika kumi, wanaanza kuvuta. Mafuta yanapita kwenye mwanya mwembamba kuliko unywele, yanataka muda. Mimi naweka asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu, na kila nikiweka nagonga taratibu kuzunguka mdomo wa fremu kwa nyundo ya mpira au mpini wa mbao. Siyo kugonga kwa kuvunja, ni kugonga kwa kutikisa, ili ule ugumu upasuke vipande vidogo na mafuta yapate njia. Nagonga pia juu ya bomba lenyewe kwenda chini, siti ikiwa imetolewa na kipande cha mbao kikiwa katikati. Linaweza kuonekana jambo la ajabu kuligonga kwenda chini wakati unataka litoke juu, ila likisogea hata nusu milimita kwenda chini, umeshinda. Kilichosogea kinaweza kusogezwa tena.

Kuna ujanja mwingine ambao wengi hawautumii. Baiskeli nyingi zina matundu ya kufungia kishika chupa kwenye lile bomba la fremu linaloelekea kwenye pedeli. Toa zile skrubu, geuza baiskeli magurudumu juu, pulizia mafuta ndani ya tundu. Yatashuka na kutulia kwenye ncha ya bomba la siti, upande ambao mafuta ya juu hayafiki. Iache usiku kucha hivyo hivyo. Weka gazeti kuukuu chini, usije ukachafua sakafu ya mama mwenye nyumba.

Baada ya mafuta ndipo tunajaribu kuzungusha. Nasisitiza kuzungusha, maana kuvuta moja kwa moja unapigana na urefu wote wa bomba kwa wakati mmoja. Ukizungusha unapata wenzo. Njia nyepesi ni kutumia siti yenyewe kama mpini, ila siyo ile siti nzuri unayotaka mteja aione kwenye picha. Funga siti kuukuu uliyonayo, maana zile fito za chini ya siti zinapinda. Mwenzako ashike fremu, wewe shika ncha mbili za siti, sukuma upande mmoja, rudisha upande wa pili. Sikiliza. Mlio mkavu wa "kra" mara nyingi ni ule ugumu unaachia. Lakini macho yako yawe kwenye rangi ya fremu pale mabomba yanapokutana. Ukiona rangi inakunjamana au inatoa nyufa, acha hapo hapo. Hapo fremu ndiyo inayozunguka, siyo bomba.

Baiskeli za mjini za Kijapani, zile zenye kikapu mbele ambazo sisi tunaziuza sana, nyingi zina bomba la siti lililonyooka na siti imefungwa juu yake kwa kibano chake. Ukizungusha siti, siti inazunguka peke yake na bomba linakucheka. Hapo toa siti, shika bomba kwa spana ya mabomba, ile ya fundi bomba yenye meno. Itaacha makovu. Kubali makovu, bomba la siti linanunuliwa, fremu hainunuliwi.

Njia yenye nguvu kuliko zote za mikono ni ya vaisi. Nenda kwenye karakana yenye vaisi kubwa iliyofungwa kwenye meza nzito. Toa magurudumu, geuza fremu juu chini, bana kichwa cha bomba la siti kwenye vaisi. Sasa fremu nzima imekuwa mpini wako. Mtu mmoja ashike mbele, mwingine nyuma, wazungushe taratibu kwa nguvu sawa. Nguvu inayopatikana hapo ni kubwa mno, ndiyo maana nasema taratibu. Njia hii inatoa mabomba mengi yaliyoshindikana, na njia hii hii inapinda fremu nyingi za watu wenye haraka. Ikikataa mara mbili, ongeza mafuta, rudi kesho.

Sasa joto na baridi. Hapa ndipo ile sumaku inakulipa. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na ikipata baridi inasinyaa karibu mara mbili vilevile. Fikiria bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma: ukipasha moto vyote, bomba linatanuka kuliko fremu na linazidi kukaza. Kwa hiyo hapo rafiki yako ni barafu. Kama bomba liko wazi kwa juu, jaza vipande vya barafu ndani yake, subiri dakika kumi au kumi na tano, kisha jaribu kuzungusha likiwa bado la baridi. Tofauti yenyewe ni ndogo, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, huwezi kuiona kwa macho, ila wakati mwingine inatosha kukata ule ushikaji.

Ikiwa ni kinyume chake, bomba la chuma ndani ya fremu ya aluminiamu, joto ndilo linalosaidia, kwa sababu fremu ya nje inatanuka zaidi. Na vikiwa vya aina moja, pasha fremu haraka kwa nje ili itanuke kabla joto halijafika kwa bomba la ndani. Joto ninalolitaja hapa ni maji yaliyochemka, unamwagia juu ya kitambaa kilichozungushiwa shingo ya fremu, au draya ya nywele. Siyo mtungi wa gesi. Moto wa gesi unababua rangi, na ukishababua rangi bei imeshuka hapo hapo. Kibaya zaidi, fremu ya aluminiamu ikichomwa sana inapoteza nguvu zake huku kwa macho ikionekana sawa. Hiyo ni hatari unayomuuzia mtu, na hataiona mpaka siku fremu itakapomwachia barabarani. Na kama uliweka mafuta ya taa au dawa ya kupuliza, futa yote na acha pakauke kabla hujaleta joto lolote. Mengi ya mafuta hayo yanawaka.

Dada zangu mnaotengeneza sabuni mtaniuliza kuhusu kostiki soda, maana watu mitandaoni wanasema inayeyusha bomba la aluminiamu. Ni kweli, inaliyeyusha. Lakini ninyi wenyewe mnajua inavyounguza ngozi na macho. Ikikutana na aluminiamu inachemka kwa joto kali na kutoa gesi ya haidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na cheche. Na kama umekosea kupima na fremu nayo ni aluminiamu, inaliwa pamoja na bomba. Mimi siifanyi nyumbani na simshauri muuzaji yeyote aifanye uani kwake penye watoto. Faida ya baiskeli moja haifikii gharama ya jicho.

Ikishindikana kabisa, mafundi wana njia ya mwisho ya kukata. Wanakata bomba la siti juu ya fremu na kuacha sentimita mbili tatu za kushika, kisha wanaingiza jino la msumeno wa chuma ndani ya bomba na kulichana kwa urefu, taratibu, mpaka bomba liachie na kukunjwa kwa ndani. Ni kazi ya masaa, na jino likipita kidogo tu linakwangua fremu. Fundi mzuri akikuambia bei yake usishangae. Piga hesabu: tuseme umenunua baiskeli 120,000 na unategemea kuiuza 180,000. Fundi anataka 25,000, bomba jipya 15,000, na umekaa nayo wiki nzima bila kuiuza. Faida uliyotarajia ya 60,000 imebaki 20,000, na hapo hujahesabu mafuta na nauli za kwenda karakana. Kwa baiskeli ya gharama kubwa inalipa. Kwa baiskeli ya mtoto ya bei ya chini, acha.

Tuseme limetoka. Hongera, ila kazi haijaisha. Likianza tu kuzunguka usilivute kwa pupa. Zungusha huku na huku, ongeza mafuta, futa uchafu unaotoka, panda nalo kidogo kidogo. Likishatoka, lisugue kwa msasa laini mpaka liwe safi. Ndani ya fremu funga kipande cha msasa kwenye kijiti na usafishe, toa kutu tu, usipanue tundu. Futa kwa kitambaa kikavu. Kisha paka grisi nyembamba kwenye bomba zima linaloingia ndani, na kidogo kwenye bolti ya kibano. Hiyo grisi ndiyo inayozuia tatizo lisirudi. Kama fremu ni ya chuma na unaishi pwani, usiruke hatua hii.

Kama bomba limeharibika na unanunua jingine, usikadirie kwa macho. Kipenyo mara nyingi kimegongwa kwenye bomba lenyewe, karibu na chini: 25.4, 26.8, 27.2 na kadhalika. Baiskeli nyingi za mjini za Kijapani ni 25.4, ila soma, usibahatishe, maana saizi zinapishana kwa sehemu mbili za kumi ya milimita. Bomba jembamba kidogo litaingia vizuri sana, utafurahi, utakaza kibano, halafu mteja akikaa linashuka taratibu kama lifti. Na ukizidi kukaza unaharibu mdomo wa fremu.

Kwenye hilo bomba kuna mstari mwingine muhimu zaidi, ule wenye maandishi kwamba kina cha chini kabisa ni hapa. Mstari huo lazima uzame ndani ya fremu, usionekane. Ukionekana, maana yake kilichobaki ndani ni kifupi mno, na uzito wa mtu unaweza kuvunja bomba au kupasua fremu. Kama alama imefutika, mimi nahakikisha sentimita 8 hadi 10 ziko ndani na ncha yake imepita chini ya kiungo cha bomba la juu la fremu. Kuna wauzaji wanapandisha siti mpaka mwisho ili baiskeli ionekane kubwa kwenye picha. Mteja akiipokea anaipanda hivyo hivyo. Tafadhali usifanye hivyo.

Sasa siti inapanda na kushuka, hii ni silaha ya kuuzia, itumie. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti ikiwa chini kabisa, kisha ikiwa juu kabisa kwa usalama. Andika namba mbili hizo kwenye posti yako. Mteja akiuliza itamfaa, mwambie asimame peku, apime kutoka sakafuni mpaka kwenye makutano ya mapaja, azidishe kwa 0.88. Mwenye sentimita 76 anapata kama 67. Hicho ndicho kimo cha siti cha mtu anayeendesha mwendo mrefu. Wa kwenda sokoni na kurudi wengi wanapenda chini ya hapo ili wakanyage ardhi wakisimama. Akiwa anaijaribu, kisigino kikiwa juu ya pedeli ya chini kabisa, mguu unyooke. Muuzaji anayejibu swali la kimo kwa namba badala ya "itakutosha tu dada" anauza haraka.

Kabla ya kuipeleka stendi, shusha siti ili mzigo uwe mfupi, na weka kipande cha gundi ya karatasi kwenye bomba pale mteja anapotakiwa kuirudisha. Mtumie ujumbe jinsi ya kukaza. Kibano cha mkono kikifungwa vizuri kinaacha alama kwenye kiganja. Mwambie pia kila baada ya miezi michache atoe bomba, afute, apake grisi tena. Dakika tano tu, na akikumbuka ni nani alimfundisha, dada yake akitaka baiskeli anajua pa kuanzia.

Na ile iliyokataa kila kitu? Iuze, lakini iandike. Mimi naandika hivi: "Baiskeli ya mjini, tairi 26, breki na gia vinafanya kazi. Siti haipandi wala haishuki, imekaa sentimita 72 kutoka kwenye ekseli ya pedeli. Inamfaa mwenye urefu wa mguu wa ndani wa kama sentimita 82, au anayependa siti ndefu. Bei imepunguzwa kwa sababu hiyo." Napiga na picha ya futi ikiwa imewekwa pale pale. Inachelewa kidogo kuuzika, ila anayeinunua anajua anachonunua, na sijawahi kurudishiwa moja iliyoandikwa hivyo.

Kama unayo sasa hivi imegoma na hujui uanzie wapi, piga picha tatu: mdomo wa fremu kwa karibu, sumaku ikiwa kwenye bomba, na sumaku ikiwa kwenye fremu. Ziweke hapo chini na utaje umeshaweka mafuta kwa siku ngapi. Jioni nikifunga mzigo nitapitia moja moja.